Umebadilisha pawasaplai ya kompyuta ya zamani na bado inasumbua? Tafuta dalili yako hapa

Lebo ya pawasaplai ya zamani hutaja volti na ampea, basi. Haitaji kwamba boksi hilo ndilo lililokuwa likiiambia kompyuta ianze lini, ndilo lililoipa saa yake mapigo, ndilo lililotoa volti hasi ambazo mashine za leo karibu zimezisahau, na wakati mwingine ndilo lililohakikisha volti moja inatangulia nyingine. Ukiling'oa ukaweka moduli mpya zenye namba zilezile, umerudisha volti na umeacha kazi nyingine zote bila mwenyewe. Ndiyo maana lalamiko la kawaida huwa hivi: "Nimepima, volti zote zipo, ila haiwaki." Zipo kweli. Kuna kitu kingine multimita haikuulizwa.

Nimepanga kwa dalili, kuanzia mashine iliyokufa kabisa hadi ile inayofanya kazi lakini ina kero moja isiyoisha. Kabla ya hapo, mambo mawili ambayo sitayarudia.

Kwenye pawasaplai ya swichingi, ile nyepesi isiyo na transfoma nzito ya chuma, umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa hujaza kapasita kubwa hadi volti 325 hivi. Kapasita hiyo hubaki imejaa hata baada ya kuchomoa waya. Itoe chaji kwa rezista ya kilo-omu 10 yenye wati 5, ukiishikilia kwa koleo lenye mpira kwa sekunde kama kumi na tano, kisha pima uhakikishe. Kuunganisha miguu ya kapasita kwa bisibisi nako hutoa chaji, pamoja na kishindo cha kukutoa roho na kuyeyusha ncha ya bisibisi. Nilifanya hivyo mara moja; bisibisi bado ninayo, naitumia kufungulia makopo ya rangi. Kama unapachika moduli mpya ndani ya kasha la chuma la zamani, waya wa ardhi ukazwe kwa skrubu kwenye kasha lenyewe, na fyuzi ikae upande wa waya wenye moto.

La pili: kompyuta isiwe kifaa cha kwanza kuijaribu pawasaplai mpya. Rezista ya omu 5 yenye wati 10 kwenye njia ya +5 inakula ampea 1, na balbu ya gari ya volti 12, wati 21, inatosha kwa njia ya +12. Acha ziwake dakika kumi, pima. Volti 5 inatakiwa ibaki kati ya 4.75 na 5.25. Kupima bila mzigo hakukuambii kitu: pawasaplai za swichingi za miaka ya 1980 nyingi hazitulii kama hazina mzigo, na adapta ya transfoma isiyo na regyuleta (kifaa cha kushikilia volti zisipande wala kushuka), iliyoandikwa volti 9, inaweza kusoma 12 au 13 ikiwa haina cha kulisha.

Dalili: imekufa kabisa, au feni inashtuka kidogo na kusimama

Hizi ni dalili mbili zinazochanganywa, na sababu zake ziko mbali.

Ikiwa hakuna kinachotikisika na umetumia pawasaplai ya ATX, huenda hujaiamuru iwake. Pawasaplai za AT, aina iliyotangulia ATX kwenye PC, zilikuwa na swichi inayokata umeme wa ukutani moja kwa moja. ATX, iliyoletwa na Intel mwaka 1995, hulala ikisubiri waya wa kijani uguswe na graundi, yaani waya mweusi: pini ya 14 kwenye plagi ya pini 20, pini ya 16 kwenye ile ya pini 24. Pima kwanza waya wa zambarau. Kama una volti 5 wakati kila kitu kimezimwa, pawasaplai ni nzima na inangoja amri. Unganisha kijani na mweusi kupitia swichi ya zamani ya mashine, na hapo swichi hiyo haitabeba tena umeme wa ukutani, jambo ambalo ni afadhali.

Ikiwa unalisha mashine kwa chaja ya USB-C na bodi ndogo ya kuiomba chaja volti 12, pima kilichotoka. Viwango vya msingi vya chaja hizo ni volti 5, 9, 15 na 20. Volti 12 ni hiari ya mtengenezaji. Chaja isiyo nayo itakupa 9 au 5 kimyakimya, na moduli iliyo mbele yake itabaki inashangaa.

Feni ikishtuka na kusimama, au ukasikia "tik, tik, tik" ya pawasaplai inayojaribu kila sekunde, kuna shoti, au mzigo umezidi nguvu. Pawasaplai mpya ina kinga na inajikata. Hapa wengi hurudisha moduli kwa aliyewauzia wakidai ni mbovu, kumbe ndiyo pekee inayosema ukweli. Kwenye IBM PC 5150 ya mwaka 1981 na XT iliyofuata, anza kuwashuku wale wenye umbo la tone la maji: kapasita za tantalamu. Zile za njia ya 12 ni za volti 16, ziliwekwa zikiwa na nafasi ndogo ya kupumua, na hupenda kupiga shoti siku mashine inapowashwa baada ya miaka mingi kabatini. Chomoa plagi za umeme, weka multimita kwenye omu, pima kati ya pini ya +12 ya bodi na graundi, kisha kati ya -12 na graundi. Ukisoma omu moja au mbili, chomoa kadi moja baada ya nyingine ukiendelea kupima. Kadi ikitoka na namba ikapanda, umempata. Zikitoka zote na namba haijapanda, mkosaji yuko kwenye bodi kuu, na utalazimika kuinua mguu wa kapasita moja moja.

Usisahau diski. Diski kuu za zamani huvuta umeme mwingi zaidi kwenye njia ya +12 wakati sahani zinaanza kuzunguka kuliko zikishazunguka. Pawasaplai ya 5150 ilikuwa ya wati 63.5 tu, na XT iliyokuja na diski kuu ikapewa wati 130. Tofauti hiyo haikuwa mapambo. Ukichomoa diski na mashine ikawaka, moduli yako ya +12 ni ndogo.

Dalili: feni inazunguka, taa inawaka, skrini ni giza

Kwenye PC za familia ya IBM, nenda moja kwa moja kwenye ishara ya umeme-tayari, inayoandikwa PG au PWR_OK kwenye michoro. Ni waya mmoja unaobaki chini wakati volti zinapanda, kisha unapanda hadi volti 5 baada ya muda mfupi, kati ya milisekunde 100 na 500 kwa kipimo cha ATX. Bila ishara hiyo, prosesa inashikiliwa kwenye riseti. Feni itazunguka hadi kesho na hutasikia hata mlio mmoja.

Kuna mtego wa rangi hapa ambao umewanasa watu makini. Kwenye plagi za AT, zile mbili za bodi kuu zinazoitwa P8 na P9, waya wa machungwa katika pini ya kwanza ya P8 ndio ishara hiyo. Kwenye ATX, machungwa ni volti 3.3, na ishara ya umeme-tayari ni waya wa kijivu. Anayeunganisha machungwa na machungwa anaipa mashine volti 3.3 tangu sekunde ya kwanza: inaona "tayari" kabla chochote hakijawa tayari. Matokeo yake ni mashine isiyowaka ikiwa baridi, lakini ukiizima na kuiwasha haraka inakubali. Dalili hiyohiyo utaipata ukijenga kwa moduli na kuunganisha pini ya PG na +5 moja kwa moja, njia ya mkato inayopendwa sana. Tumia chipu ya usimamizi kama TL7705: inasubiri +5 ivuke takriban 4.5, inahesabu muda uliouweka kwa kapasita ndogo, ndipo inaachia.

Ukiwa hapo, kagua P8 na P9 kwa jicho. Nyaya nyeusi za plagi hizo mbili zinakaa katikati, zikigusana bega kwa bega. Nyekundu zikiwa ndizo ziko katikati, usiwashe. Kama ulishawasha, pole.

Kwenye Commodore 64, skrini giza ni hadithi nyingine, na inastahili nafasi yake.

Boksi la nje la mashine hiyo hutoa vitu viwili: volti 5 za mkondo mnyoofu, na volti 9 za mkondo geu, ule unaoandikwa AC. Mtu huona 5 na 9, akachukua chaja ya simu na adapta yoyote ya volti 9, akaona mambo yamekwisha. Lakini zile 9 zikiwa za mkondo mnyoofu, au zisipokuwepo kabisa, mashine inakosa mengi. Kwenye bodi ndefu za matoleo ya mwanzo, hizo 9 hunyooshwa ndani kupata volti 12 za chipu ya picha na ya sauti, pamoja na volti 5 nyingine, ya pembeni, inayolisha chipu ya picha na sakiti ya saa kuu. Yaani ukipima +5 kwenye memori utaikuta nzuri kabisa, na mashine haina hata picha. Kwenye bodi fupi za baadaye picha huja, ila sauti hakuna na mota ya kaseti haizunguki.

Kwa hiyo pima kwa mpangilio huu. Plagi ya umeme ya mviringo (DIN) ya pini saba: volti 5 iko pini ya 5, mkondo geu uko kati ya 6 na 7. Weka multimita kwenye AC unapopima hizo mbili. Ukiiacha kwenye DC itasoma karibu sifuri na utalaumu transfoma bure. Kama 9 zipo kwenye plagi na ndani hazipo, fungua kasha ukague fyuzi ndogo ya kioo iliyo karibu na swichi. Inalinda njia ya 9 peke yake, na ikikatika dalili ni zilezile za kukosa 9.

Njia nzuri ya kisasa ni kuweka transfoma ndogo ya kweli ya volti 9 kwa ajili ya AC, na moduli ya swichingi kwa ajili ya +5. Usijaribu kutumia tena boksi la asili lililofungwa kwa utomvu mgumu ndani, hata kama leo linafanya kazi. Regyuleta yake ikifa, mara nyingi haizimiki: inapandisha volti, na chipu za memori ndizo hutangulia kaburini. Ukiona boksi la asili linasoma 5.3 au zaidi likiwa na mzigo, lichomoe.

Dalili: picha ipo, lakini ni mraba-mraba, herufi ovyo, au kosa la memori

Mashine iliyotumia chipu za memori za 4116 inahitaji volti tatu kwa chipu moja: +12, +5 na -5. Hizi zimo kwenye Apple II, kwenye 5150 za mwanzo zenye kilobaiti 16 hadi 64 kwenye bodi, na kwenye ZX Spectrum ya 1982. ATX za leo hazitoi -5. Iliondolewa kwenye kipimo miaka ya mwanzo ya 2000, na mahali pa waya mweupe huwa patupu. Unaweza kuitengeneza kwa regyuleta ya 7905 kutoka -12, nayo inahitaji uangalifu wa aina mbili.

Miguu ya 7905 haifuati ya 7805, regyuleta ya +5. Kwenye 7805, kutoka kushoto, ni kuingia, graundi, kutoka, na bati lake la mgongoni ni graundi. Kwenye 7905 ni graundi, kuingia, kutoka, na bati la mgongoni ni la kuingia, yaani -12. Ukilikaza kwenye kasha la chuma bila karatasi ya maika ya kuzuia umeme, umepiga shoti kwenye -12. Mimi nilitafuta kosa hilo jioni nzima huku nimelishika mkononi.

Uangalifu wa pili ni wa mpangilio wa kuwasha: kwa 4116, -5 inatakiwa itangulie kuja na iwe ya mwisho kuondoka. Ikichelewa huku +12 imeshafika, chipu inaweza kuungua ndani kimya kabisa, bila moshi. Moduli zinazotengeneza volti hasi kutoka +5 huchelewa kuamka kwa sababu zinasubiri +5 kwanza. Kama makosa ya memori yanaongezeka kila unapowasha, leo chipu moja na kesho mbili, acha kuwasha mpaka umelisuluhisha hili. Chanzo chenye matokeo yote ndani yake, +5, +12 na -12 kwa pamoja, ni salama kuliko moduli tatu za makundi tofauti.

Spectrum ina ujanja wake: inapokea volti 9 tu na kujitengenezea +12 na -5 ndani, kwa koili na transista. Kubadilisha 7805 yake inayochemka kwa moduli ya swichingi yenye miguu ileile mitatu ni sawa, na bodi itakushukuru. Kuruka zile 9 na kuingiza volti 5 moja kwa moja kwenye bodi kunaiua ile sakiti ya ndani, na skrini itakuonyesha milia. Halafu plagi yake ya umeme: ncha ya ndani ni hasi. Adapta karibu zote za leo zina chanya ndani. Pima adapta kabla hujaichomeka.

Dalili: inafanya kazi, kisha inaganda au inajiwasha upya

Hapa ndipo waya mwembamba unapohusika. Tuchukue mfano: kebo ya mita 1.5, waya wa milimita za mraba 0.5, mashine inayovuta ampea 3 kwenye +5. Shaba ya unene huo ina takriban omu 0.034 kwa mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 3: omu 0.1. Zidisha kwa ampea 3, unapoteza volti 0.3 njiani. Moduli inatoa 5.0 safi, bodi inapokea 4.7, na hiyo iko nje ya mpaka. Ongeza swichi iliyochakaa na plagi yenye kutu, unakaribia 4.5. Kiendeshi cha disketi kinapoanza kuzunguka, mashine inazimia.

Kwa hiyo pima kwenye bodi, kwenye miguu ya chipu, wakati mashine inafanya kazi yake nzito kuliko zote. Kipimo cha kwenye pawasaplai hakihesabiki. Dawa ni kufupisha kebo, kunenepesha waya, kutumia nyaya mbili kwa +5 na mbili kwa graundi, na kusafisha plagi. Moduli nyingi zina skrubu ndogo ya kupandisha volti, na kishawishi cha kuizungusha hadi 5.3 ni kikubwa. Lakini mzigo ukipungua, upotevu nao unapungua, na bodi inapata karibu 5.3 yote. Tengeneza kebo kwanza, kisha gusa skrubu kidogo kama bado inahitajika.

Ikiwa inaganda baada ya nusu saa na volti hazijateleza, gusa moduli. Boksi la zamani lilikuwa na matundu na bati; moduli iliyofungwa ndani ya kasha la plastiki haina pa kupumulia.

Dalili: mistari kwenye skrini, mvumo kwenye spika

Angalia mistari inavyokwenda. Ukanda mpana unaopanda au kushuka polepole unatokana na umeme wa ukutani: kapasita ya kusawazisha iliyochoka, au graundi zinazokutana sehemu mbili, kwa mfano skrini na kompyuta kila moja na ardhi yake. Mistari myembamba ya mshazari, iliyosimama au inayotetemeka kidogo, ni swichingi ya moduli yako inayovuja. Weka koili ndogo na kapasita ya ESR ya chini (ukinzani mdogo wa ndani) kwenye njia ya +5 karibu na bodi, na sogeza moduli mbali na sakiti ya video. Kwenye mashine ya sauti nzuri, regyuleta ya zamani ya kuchemka ina heshima yake.

Dalili: kila kitu kizima, ila saa haisogei au sauti haitoki

Kwenye Amiga 500, njia ya -12 inavuta umeme kidogo sana, na ndiyo maana watu huiacha. Inalisha sakiti ya sauti na mlango wa serial. Bila hiyo picha inakuja, michezo inapakia, na sauti inatoka imeharibika au haitoki. Moduli ndogo ya -12 yenye ampea 0.1 inatosha.

Amiga 2000 ni ya ajabu zaidi. Pawasaplai yake ya asili ilipeleka kwenye bodi mapigo ya 50 au 60 kwa sekunde, yaliyochukuliwa kwenye umeme wa ukutani, na mashine ikayatumia kuhesabu wakati. ATX haina waya huo. Kompyuta inawaka, inapendeza, na saa imesimama. Programu inayosubiri sekunde zipite inasubiri milele. Huhitaji kulehemu chochote: tafuta jampa J300 (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) kwenye bodi, ihamishe ili mapigo yatoke kwenye ishara ya skrini, washa, fungua saa na uangalie kama sekunde inaruka.